Kusuka transfoma ya feraiti ya inverta ya 12V bila kuunguza mosfeti: mwongozo kamili

Kila wiki naletewa ugonjwa ule ule. Fundi ametoa transfoma iliyoungua kwenye inverta, akasuka mpya kwa mkono wake, akairudisha kwenye bodi, akawasha, na mosfeti (zile swichi za elektroniki zinazokata umeme wa betri) zikapasuka kabla hata hajatoa kidole kwenye swichi. Ananunua zingine, zinapasuka tena. Wengine wanatoka Busia, wengine Arua, wengine ni majirani zangu hapa hapa Katwe, na nikishafungua hiyo transfoma nakuta makosa ni yale yale matatu manne, hayabadiliki. Bannange, pesa ya mosfeti ni pesa ya chakula cha watoto. Nimeandika kila kitu hapa chini, fuata kwa mpangilio, usiruke hatua hata kama unaona unaijua.

Tunachosuka ni transfoma ya pushi-puli, yaani mosfeti mbili zinaiendesha kwa zamu, inayotoa umeme kwenye betri ya 12V na kuupandisha mpaka 340V DC, nguvu 200W, inatosha TV, dekoda na taa za kibanda cha filamu, au mashine za kunyolea saluni. Kwa nini 340V? Umeme wetu wa Uganda ni 240V, na kilele cha 240V ni 240 mara 1.414, inakuja kama 339V. Bodi ya pili ndo itaukata huo umeme kuwa AC, lakini hiyo si kazi ya leo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Weka vyote mezani kabla hujakata waya hata mmoja.

- Kori ya feraiti ETD39 na bobini yake (ile plastiki ya kusukia waya). Zipo kwenye skrepa za UPS na inverta za sola. Kama una kori nyingine usihofu, hesabu nitaonyesha, ingiza vipimo vya kori yako.
- Waya wa kopa wenye vanishi, unene 0.5 mm. Maduka ya kusuka mota wanauza kwa kilo. Sekondari (upande wa 340V) inataka mita 11, praimari (upande wa betri) inataka nyuzi 30 za sentimita 60 kila moja.
- Tepu ya njano ya transfoma, ile ya polyesta, au tepu ya Kapton. Tepu nyeusi ya waya za nyumba HAPANA, seloteipu HAPANA. Zikipata moto gundi inayeyuka, tepu inateleza, na hapo ndo 340V inakutana na betri.
- Sliivu za rangi mbili za kuvalisha miisho ya waya, nyekundu na bluu.
- Msasa laini, wembe, solda, fluksi, na aini yenye nguvu, angalau 60W.
- Multimita, na mita ya LCR (ya kupima induktansi, yaani nguvu ya koili kupinga umeme unaobadilika). Mita ya LCR kama huna azima kwa mwenzio, hii kazi bila hiyo ni kubahatisha.
- Balbu ya gari 12V 21W, zile za indiketa, pale soko la Kisekka zimejaa.
- Fyuzi ya 30A na kishikio chake.

## Hatua ya 1: Toa kori bila kuivunja

Feraiti ni kama kikombe cha udongo, haijui kupinda. Ukiingiza bisibisi kati ya vipande viwili ukabinya, imekwisha.

Chemsha maji, tumbukiza transfoma nzima dakika 10 mpaka 15, gundi inalainika. Ishike kwa kitambaa, tikisa upande na upande polepole mpaka vipande viachane. Havijaachana? Rudisha kwenye maji, usilazimishe. Na ikiwa ya moto usiitie kwenye maji baridi, inapasuka.

Ikikauka, ining'inize kwenye uzi uigonge taratibu kwa kucha au kalamu. Kori nzima inalia "ting" kama glasi. Yenye ufa inalia "tak", sauti inakufa pale pale. Hiyo weka pembeni, hata ukiigundisha vizuri namna gani ule ufa unabaki gepu (nafasi ya hewa), na gepu inashusha induktansi.

Angalia pia mguu wa kati. Weka vipande viwili uso kwa uso, tazama kwenye mwanga. Kama miguu ya pembeni inagusana ila ya kati ina nafasi, hiyo kori ilitengenezwa kwa flaibaki, aina nyingine ya saketi. Kwa pushi-puli hatutaki gepu kabisa.

Umefaulu ukiona: vipande viwili vizima, nyuso safi zinang'aa, zinakaa pamoja bila mwanga kupita.

## Hatua ya 2: Hesabu ya raundi

Hapa wengi wanakopi namba kutoka video ya mtu, huyo mtu kori yake nyingine, frikwensi nyingine, na wewe unashangaa kwa nini kwako inaungua. Fomula ni hii:

Raundi za praimari = (Voltiji × 100,000,000) ÷ (4 × frikwensi × Gauss × eneo la kori)

Voltiji weka ile ya JUU kabisa betri inayofika, si 12V. Betri ikiwa inachajiwa na sola inafika 14.4V, na ndo saa ambayo kori inabebeshwa zaidi.

Frikwensi tunatumia 50 kHz. Sasa sikia vizuri hapa maana ni mtego: SG3525, ile IC inayoendesha mosfeti, inagawa frikwensi kwa mbili. Osileta yake ikiwa 100 kHz, kila mosfeti inapata 50 kHz. Ukiweka osileta 50 kHz transfoma inapata 25 kHz, na mzigo wa sumaku kwenye kori unakuwa mara mbili ya uliyopiga hesabu. Kapasita ya 1 nF na rezista ya 14k zinakupa karibu 100 kHz. Pima kwenye pini ya 11 au 14, isome 50 kHz, ndo uendelee.

Gauss (kipimo cha nguvu ya sumaku ndani ya kori) weka 1500. Feraiti ya pawa ikipata moto wa nyuzi joto 100 inashiba (haiwezi kubeba sumaku zaidi) karibu 3900, kwa hiyo utauliza kwa nini tusiweke 3000. Kwanza kwa 50 kHz kori yenyewe itachemka. Pili mosfeti zako mbili haziwezi kufanana kabisa, moja inakaa wazi kidogo zaidi ya mwenzake, sumaku inasogea upande mmoja taratibu, na ukiwa umeacha nafasi haifiki ukutani.

Eneo la mguu wa kati wa ETD39 ni 1.25 cm². Kori yako ikiwa ya mguu wa mraba, pima kwa venia upana mara kina. Mguu wa 10 mm kwa 12 mm ni 1.2 cm².

Tupige: 14.4 × 100,000,000 ni 1,440,000,000. Chini, 4 × 50,000 × 1500 × 1.25 ni 375,000,000. Gawa, inakuja 3.84. Ikija na desimali panda juu, usishuke: raundi 4, mara mbili, yaani 4+4.

Sekondari sasa unaipigia hesabu kwa betri ya CHINI, maana hata betri ikiwa imechoka bado unataka 340V. Betri 10.5V, toa 0.3V inayopotea kwenye mosfeti, inabaki 10.2V. Zidisha kwa 0.95 maana mosfeti lazima zipumzike kidogo kati ya zamu na zamu, inabaki kama 9.7V. 340 gawa kwa 9.7 ni 35. Kwa hiyo sekondari ni 35 mara 4, raundi 140.

ONYO: uwiano huu wa 35 ni wa saketi yenye fidibaki (inayopima pato na kulirekebisha) na choki (koili ya kulainisha umeme) kwenye pato. Betri ikiwa 14.4V kilele cha sekondari kinafika 504V, fidibaki ndo inayoshikilia isifike kwenye kapasita. Ukikata fidibaki "ili nijaribu kwanza" kapasita yako ya 450V italipuka usoni. Na dayodi ziwe za kasi za 1000V, kama UF5408. Ile 1N4007 ni ya umeme wa 50 Hz, kwa 50 kHz haiwahi kufunga, inachemka mpaka inakufa.

## Hatua ya 3: Tengeneza kamba ya praimari

200W kwenye betri iliyoshuka ni karibu 21A. Kila nusu ya praimari inafanya kazi zamu kwa zamu, kwa hiyo inahisi kama 15A. Tukipa kila mm² ya kopa ampia 5, tunahitaji mm² 3.

Sasa mtu anauliza, si nichukue waya mmoja mnene niende? Hapana. Umeme wa frikwensi ya juu haupiti katikati ya waya, unakimbilia ngozi. Kwa 50 kHz unaingia ndani kama 0.3 mm tu kutoka juu. Waya wa mm 2 kati kati yake kopa imelala bure, na joto unalipata. Waya usizidi 0.6 mm, ndo maana tunatumia 0.5 mm. Mmoja una 0.196 mm², nyuzi 15 zinatupa karibu 3 mm².

Kata nyuzi 15 za sentimita 60. Banza ncha moja kwenye vaisi, ncha ya pili ingiza kwenye drili, vuta kidogo zinyooke, zungusha polepole mpaka upate msokoto mmoja kila sentimita moja na nusu hivi. Basi, acha hapo. Ukisokota sana kama kamba ya mbuzi vanishi inachubuka na kamba inanenepa haiingii kwenye bobini. Tengeneza kamba ya pili, urefu ule ule, nyuzi zile zile. Zikitofautiana, hata kidogo, sumaku inaegemea upande mmoja.

Vumbi letu jekundu la marram liangalie. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya nyuzi ukavuta, inakwangua vanishi huioni. Futa meza, futa waya kwa kitambaa.

Umefaulu ukiona: kamba mbili zinazofanana, unene kama 2.4 mm, hakuna mahali kopa inang'aa.

## Hatua ya 4: Nusu ya kwanza ya sekondari

Ndiyo, tunaanza na sekondari, tena nusu yake tu. Mpangilio wetu ni kama sandwichi: raundi 70 za sekondari, juu yake praimari, juu yake raundi 70 zilizobaki. Praimari ikikumbatiwa pande zote mbili, induktansi ya kuvuja (sumaku ya praimari isiyofika sekondari) inashuka sana, na hiyo ya kuvuja ndo inayopiga mosfeti kwa mishale ya voltiji kila zikifunga.

Bobini ya ETD39 ina upana wa kusukia kama 25.7 mm. Acha 3 mm kila upande, zungushia tepu nyembamba ya 3 mm pembezoni kama ukuta. Hiyo nafasi ni uhai wa mtu: waya wa 340V usiweze kuteleza ukingoni ukagusa wa betri.

Inabaki kama 19.7 mm. Waya wa 0.5 pamoja na vanishi yake unakula 0.55 mm, kwa hiyo leya moja inachukua raundi 35. Leya mbili ni 70, leya nne ni 140, inaingia kama ilivyopimiwa.

Valisha mwanzo wa waya sliivu, funga kwenye pini, andika kwenye karatasi "S mwanzo, pini namba fulani". Suka raundi 35 zikiwa zimelala bega kwa bega, usipande juu ya mwenzake. Hesabu kwa sauti, kila 10 weka alama kwenye karatasi, na mtu akikuita usiitike mpaka ufike namba nzima. Leya ikiisha weka tepu zunguko moja, rudi na leya ya pili ukizungushia UPANDE ULE ULE. Kila raundi moja inabeba mpaka 3.6V, kwa hiyo ncha ya leya ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa na karibu 250V kati yao, vanishi peke yake isiachiwe hiyo kazi.

Ukifika 70 usikate waya. Utoe nje kwa sliivu, uviringe uliobaki, ubandike pembeni.

Halafu tepu, mizunguko MITATU kamili, ukuta kwa ukuta. Kwa nini mitatu na si mmoja? Tepu moja inaweza kuwa na tundu la sindano. Matatu kukutana sehemu moja ni ngumu. Huku upande wa betri ndo mteja anashika klipu kwa mkono mtupu, usimfanyie ubahili wa tepu.

## Hatua ya 5: Praimari, na hapa ndipo inverta nyingi zinakufa

Chukua kamba zako mbili. Ya kwanza tuiite A, ya pili B. Kabla hujazungusha chochote, valisha MWANZO wa A na MWANZO wa B sliivu nyekundu, na MWISHO wa zote mbili sliivu ya bluu. Kopa zote zinafanana, ukishamaliza kusuka hutajua ipi ni ipi, utakisia, na kukisia ndo kulikokuleta hapa.

Ziweke bega kwa bega, A kushoto B kulia, zisuke PAMOJA kwa wakati mmoja, raundi 4, upande ule ule uliosukia sekondari. Kamba mbili mara raundi 4 ni nafasi nane za 2.4 mm, karibu 19 mm, leya moja inajaa vizuri. Zikisukwa pamoja hivi zinakuwa mapacha kweli, urefu mmoja, sumaku moja.

Miisho isipite kwenye pini za bobini, pini haziwezi kubeba 15A. Toa kamba zenyewe nje, nyekundu zote mbili zitokee upande mmoja, bluu zote mbili upande mwingine, acha sentimita 10 au 12 kila moja.

Sasa senta. Soma mara mbili:

Mwisho wa A (bluu) unaungana na mwanzo wa B (nyekundu). Huo muungano ndo senta, unaenda betri pozitivu. Mwanzo wa A (nyekundu) unaenda mosfeti ya kwanza. Mwisho wa B (bluu) unaenda mosfeti ya pili.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mtu kuunganisha nyekundu na nyekundu kuwa senta, maana zimetoka upande mmoja na kwa macho inapendeza. Ukifanya hivo mosfeti ya kwanza ikiwaka sumaku inaenda kulia, ya pili ikiwaka inaenda kulia tena. Hairudi kamwe. Baada ya mizunguko michache kori imeshiba, praimari inabaki kipande cha kopa tu kati ya betri na mosfeti, na betri ya 100Ah haina huruma. Mimi nilipoteza mosfeti nane kwa kosa hilo hilo siku moja, nilikuwa nalaumu muuza mosfeti kwamba kaniuzia feki. Hazikuwa feki.

Usiunganishe senta bado, tutaiunganisha baada ya kuchubua waya. Weka tena tepu mizunguko mitatu juu ya praimari.

## Hatua ya 6: Nusu ya pili ya sekondari

Chukua ule waya uliouviringa, upitishe kwenye sliivu mpaka juu ya tepu, endelea raundi 71 mpaka 140, upande ule ule, leya mbili, tepu katikati. Ukigeuza upande hapa, nusu ya pili inakula nusu ya kwanza na pato linakuwa sifuri. Funga mwisho kwenye pini, tepu mizunguko miwili ya kumalizia.

Multimita kwenye sekondari isome karibu 0.9 ohm, maana ni kama mita 10 za waya. Ikisoma wazi umekata mahali.

## Hatua ya 7: Kuchubua na kusolda, uzi kwa uzi

Waya wa kusuka mota una vanishi ngumu ambayo aini haiyeyushi. Solda inaufunika juu juu, inang'aa kama imeshika, ndani vanishi ipo vile vile.

Kuna transfoma moja ililetwa hapa, imesukwa kwa usafi mpaka nikamsifu mwenye nayo, ila ikipata mzigo wa TV praimari inanuka. Nilipokata lile donge la solda nikapanua nyuzi kama ufagio: kati ya nyuzi 15, nyuzi 6 tu ndo zilikuwa nyekundu safi zimeshikwa, tisa zilizobaki zilikuwa bado kahawia, zimekaa ndani ya solda kama mawe kwenye matope. 15A zote zilikuwa zinapita kwenye mm² 1.2.

Kwa hiyo: panua nyuzi, kila mmoja upige msasa sentimita moja na nusu pande zote mpaka rangi iwe ya waridi, fluksi, upake solda mmoja mmoja. Ndo uzikusanye na kuzisolda pamoja. Inachukua nusu saa kwa ncha zote nne, kaa chini uifanye.

Kabla ya kuunganisha senta weka multimita kati ya A na B. Isome wazi kabisa. Ikilia, kuna vanishi imechubuka kati yao, fumua. Ikiwa wazi, unganisha bluu ya A na nyekundu ya B.

## Hatua ya 8: Funga kori

Futa nyuso za feraiti kwa spiriti. Hata kipande cha tepu au punje ya gundi kati ya nyuso ni gepu. Ingiza vipande, bana kwa klipu zake au zungushia tepu kwa nguvu. Gundi ikitumika iwe nje kwenye maungio, si kwenye uso.

## Hatua ya 9: Pima kabla ya umeme wowote

Hapa ndo unajua kama utalala usingizi. Namba zangu ni za feraiti ya kawaida ya pawa, yako inaweza kupanda au kushuka kidogo, kinachohukumu ni UWIANO.

1. A peke yake, senta mpaka nyekundu ya A: kama 40 µH. B nayo isome vile vile. Zikipishana sana umekosea raundi upande mmoja. Zote zikiwa ndogo sana, mfano 8 µH, kori ina gepu, ina ufa au ina uchafu.
2. Kutoka mosfeti mpaka mosfeti, nyekundu ya A mpaka bluu ya B: iwe MARA NNE ya nusu, kama 160 mpaka 170 µH. Raundi zikiwa mara mbili induktansi ni mara nne. Ikisoma karibu na sifuri, senta umeiunganisha vibaya. Hiki kipimo kimoja kingeokoa mosfeti zote nilizoletewa mwaka huu.
3. Sekondari: gawa namba yake kwa namba ya A, tafuta kipeuo cha pili, ije karibu 35. Mfano 53 mH gawa kwa 43 µH ni 1232, kipeuo chake 35. Sekondari na praimari zote zikisoma chini mno, kuna raundi zimegusana ndani.
4. Kuvuja: unganisha ncha mbili za sekondari pamoja kwa waya mfupi, pima A tena. Iwe chini ya 0.5 µH. Vile vipima vidogo vya transista haviwezi kusoma namba ndogo hivi, hapa inahitajika mita ya LCR yenyewe, na waya zake ziwe fupi.
5. Praimari na sekondari: multimita isome wazi. Ukipata mega (kipima insulesheni) ya 500V piga nayo, isome zaidi ya megaohm 100.

Kipimo kimoja kikikataa, usiende mbele. Fumua, urudie.

## Hatua ya 10: Kuwasha mara ya kwanza

Mosfeti ziwe za 55V kwenda juu, IRF3205 inafaa. Kwenye pushi-puli kila mosfeti inapigwa na voltiji ya betri mara mbili, 28.8V, na mshale juu yake, kwa hiyo IRF1404 ya 40V inakaa pembeni ya shimo. Kapasita ya 4700 µF iwe karibu kabisa na senta, waya usizidi vidole vinne.

Weka balbu ya 21W kwenye waya wa pozitivu kutoka betri, mfululizo. Shusha trima (rezista ndogo ya kurekebisha) ya fidibaki mpaka chini, kama 250V. Pato lisiwe na mzigo. Washa.

- Balbu imemulika kidogo ikazimika au imebaki nyekundu hafifu: vizuri, kapasita zilikuwa zinajaa.
- Balbu imewaka kama indiketa ya gari: zima. Bila hiyo balbu hapo ungekuwa unafagia vipande vya mosfeti. Rudi hatua ya 9, halafu angalia frikwensi.

Sikiliza. 50 kHz sikio la mtu haliisikii. Ukisikia filimbi, frikwensi iko chini au fidibaki inayumba.

Ukiwa na oskiloskopu angalia dreni (mguu wa mosfeti unaoungana na praimari): mraba safi kutoka 0 mpaka voltiji ya betri mara mbili, na mshale mdogo mwanzoni. Mshale ukizidi 45V weka snaba ya kuumeza, rezista ya ohm 10 na kapasita ya 10 nF mfululizo, kutoka dreni mpaka dreni, na mahali pa kuanzia ni hapo.

Sasa pandisha trima polepole mpaka 340V.

ONYO KUBWA: 340V DC inaua, na kapasita inabaki imejaa hata ukitoa betri. Kabla ya kugusa, shusha kwa balbu ya zamani ya 240V yenye uzi, halafu PIMA kwa multimita, halafu ndo uguse. Si bisibisi. Mkono mmoja mfukoni, na usifanye hii kazi peke yako usiku.

## Hatua ya 11: Mzigo

Toa balbu ya indiketa, weka fyuzi ya 30A. Mzigo wa kwanza balbu za uzi za 240V, 60W, mbili mfululizo ili zistahimili 340V. Dakika 10, zima, shusha kapasita, shika kori kwa nyuma ya kidole: ya uvuguvugu tu. Ongeza mpaka 100W, dakika 20. Halafu 200W saa nzima.

Baada ya saa nzima nyuzi joto 70 au 80 ni sawa. Ikizidi, angalia kipi kina moto zaidi. Kori moto na waya poa, Gauss iko juu, pima frikwensi upya. Waya moto na kori poa, nyuzi zako hazikushika solda zote, rudi hatua ya 7. Mosfeti moja moto kuliko mwenzake, linganisha A na B, au draivu ya geti (saketi inayowasha mosfeti).

Ikipita hiyo saa ndo uitie vanishi, si kabla, maana ikishakauka hufumui tena. Izamishe mpaka mapovu yaishe, ining'inize ikauke siku nzima juani. Halafu kata karatasi ndogo, andika 4+4 / 140, 50 kHz, ETD39, senta ni ipi, na tarehe, ibandike juu kwa tepu ile ile ya njano, fundi atakayeifungua baada yako aikute.